Dola mbili na nusu: nani alilipa yenye kubakia?

Haya ni maneno ambayo mwenzetu mmoja wa Kalemie aliyasema katika mkutano wa vijana, mbele ya kura juu ya nguo za harakati yetu. Tumeyaandika jinsi aliyasema.

Makamarade, niseme kwa wale wamekuja leo mara ya kwanza. Musiogope, hapa hatuuzi kadi na hatugawi sukari.

Mumeona katika ajenda, jambo la tatu: «nguo za harakati». Wengi munafikiri ni kitu kidogo, dakika tano, mikono juu, tunaendelea. Hata mimi nilifikiri vile. Juma lililopita, mkono wangu ndio ulikuwa wa kwanza kupanda. Leo nimeomba neno ili niwaeleze juu ya nini mkono ule umeshuka.

Tukumbuke hesabu. Tulitaka nguo 60. Muuzaji mmoja wa mjini alituambia ataleta triko kutoka ng'ambo, zimeisha kushonwa, jina letu linapigwa juu, dola mbili na nusu kila moja. Jumla dola 150. Upande wa pili kuna mama fundi wa hapa kwetu, munamjua wote. Yeye anashona shati ya mikono mifupi, kitambaa na kazi pamoja, dola 6. Kwa watu 60 ni dola 360. Katika sanduku yetu kuna dola 180. Basi, hesabu ilikuwa nyepesi. Mtoto wa darasa la pili angeifanya.

Alafu dada mmoja aliyekaa nyuma akauliza: «Hii triko imetoka shamba ya pamba, imepita kiwanda, imepita bahari, imepanda treni, imevuka ziwa, imefika Kalemie, na muuzaji naye anataka faida yake. Kila mtu njiani amekula. Katika dola mbili na nusu, yule aliyeshona amekula nini?»

Tulicheka. Tukaahirisha kura kwa sababu giza lilikuwa limeingia, si kwa sababu ya swali. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani. Sisi ndio watu wa kuuliza hapa mjini. Tunauliza feza ya barabara ilienda wapi. Tunauliza mshahara wa walimu uko wapi. Sasa mtu anatuuliza sisi juu ya nguo ya mgongo wetu, na sisi tunacheka.

Nikaanza kutafuta. Niwaambie nilichopata.

Bei na gharama si kitu kimoja. Bei ni ile feza unatoa mfukoni. Gharama ni vyote vilivyotoka ili ile nguo iwepo: jasho, maji, afya ya mtu, wakati mwingine roho ya mtu. Kama bei iko chini ya gharama, haina maana kama gharama imepotea. Maana yake kuna mtu mwingine ameilipa, na huyo mtu hakuulizwa.

Nianze na jengo moja. Mule Bangladesh, karibu na mji mkuu Dhaka, katika mji wa Savar, kulikuwa jengo la gorofa nane linaitwa Rana Plaza. Chini kulikuwa maduka na benki. Juu kulikuwa viwanda vitano vya kushona nguo za kuuza Ulaya na Amerika. Gorofa za juu ziliongezwa bila ruhusa ya sawasawa. Juu yake wakapandisha mashini nzito na jenereta.

Tarehe 23 mwezi wa 4 mwaka 2013, kuta zilipasuka. Watu waliona kwa macho, televisheni ilikuja kupiga picha, fundi wa majengo akasema watu watoke. Wakatoka. Kesho yake, benki iliambia wafanyakazi wake wabaki nyumbani. Maduka yakafungwa. Lakini washonaji wa juu waliambiwa warudi kazini. Wengine waliambiwa kama hawaingii, mshahara wa mwezi umekwenda. Na mshahara wa chini wa mshonaji wakati ule ulikuwa taka 3,000, karibu dola 38 kwa mwezi. Mtu wa dola 38 kwa mwezi hawezi kupoteza mwezi. Wakaingia.

Karibu saa tatu ya asubui umeme ukakatika. Jenereta za juu zikawashwa, jengo likatetemeka, likaanguka. Watu 1,134 walikufa. Wengine zaidi ya 2,000 waliumia, na kati yao kuna walioacha mkono ao mguu chini ya saruji. Wengi walikuwa wanawake vijana. Umri wenu, dada zangu mulio hapa mbele.

Muangalie vizuri ile asubui. Mtu wa benki na mshonaji waliona ufa uleule, katika ukuta uleule. Mmoja alibaki nyumbani, mwingine alipanda ngazi. Tofauti yao haikuwa akili, wala bahati. Mmoja alikuwa na haki ya kusema hapana, mwingine hakuwa nayo. Na nguo ambayo ilishonwa na mtu asiye na haki ya kusema hapana, ndiyo ile inaweza kuuzwa bei ya kutupa.

Mtu atasema: basi tununue nguo za bei kubwa, zile za duka za vioo. Hapana, ndugu yangu. Katika mabaki ya Rana Plaza walikuta alama za kampuni kubwa za Ulaya. Bei kubwa dukani haionyeshi kama mshonaji amelipwa. Shirika la Clean Clothes Campaign, lenye kutetea washonaji, limetoa hesabu inayojulikana sana: triko ya euro 29 katika duka ya Ulaya, mshonaji anabaki na senti 18. Hata sehemu moja juu ya mia haifike. Zaidi ya nusu ya ile bei inabaki dukani.

Sasa turudi nyumbani, juu kuna watu watasema hii ni habari ya Wahindi na Wazungu, sisi iko inatuhusu wapi. Inatuhusu sana. Sisi Wakongomani tulikuwa katika huu uzi tangu mwanzo wake, na tulikuwa upande wa wenye kulipa bila kuulizwa.

Tangu mwaka 1917, serkali ya Wabeleji ililazimisha watu wa vijiji kulima pamba. Walianza Maniema na Uele, alafu ikaenea Kasai, Lomami, kaskazini ya Katanga. Mwaka 1920 wakaunda kampuni ya Cotonco. Inchi ikagawanywa vipande vipande, na katika kila kipande kampuni moja tu ndiyo ilikuwa na ruhusa ya kununua pamba. Mkulima hakuchagua kama atalima ao hapana. Hakuchagua mnunuzi. Hakupanga bei. Akikataa, kulikuwa gereza, na kulikuwa fimbo. Mahali pa mihogo na mahindi pakapandwa kitu ambacho mtoto hawezi kula. Pamba ikashuka mpaka Matadi, ikapanda meli, ikaenda Antwerp. Na kule mtu alinunua shati akasema: bei iko muzuri.

Hii haikuwa familia kumi. Ilikuwa mamia ya maelfu ya familia. Kila mmoja wenu mwenye babu wa Kongolo ao wa Kasongo, akirudi nyumbani amuulize mzee habari ya pamba. Usimwambie kitu kingine, sema tu neno «pamba», alafu unyamaze. Utaona uso wake.

Tena hapa hapa mjini, wakati Kalemie iliitwa bado Albertville, kilijengwa kiwanda cha Filtisaf. Kilisokota uzi, kilifuma vitambaa. Kati yenu kuna ambao babu zao walilisha nyumba na kazi ya Filtisaf. Leo munapita kule munaona kuta. Kinshasa pia, kazi ya kufuma ya Utexafrica ilikufa mwaka 2007, na mahali pale sasa wanapangisha nyumba na ofisi. Sababu ni nyingi, tusiseme moja tu: viwanda na plantasio vilivyogawiwa ovyo wakati wa zairianisation mwaka 1973, wizi mkubwa wa 1991 na wa 1993, vita, reli iliyokufa, na vitambaa vya bei ya chini vilivyoingia kutoka inje, vingine bila kulipa ushuru. Kiwanda kilichelewa kulipa, alafu kikalipa nusu, alafu kikanyamaza.

Kwa hiyo sisi tumekaa pande zote mbili. Babu alilima pamba bila kupenda. Baba alifuma ao aliona wenzake wakifuma. Sisi watoto tunavaa nguo kuukuu zilizovaliwa na watu wa inchi zingine. Pamba iliondoka kwetu bei ya chini, nguo inarudi kwetu ikiwa imechoka.

Niseme pia habari moja ya maji, juu sisi ni watu wa ziwa. Katikati ya Asia, kati ya Uzbekistan na Kazakhstan, kulikuwa ziwa la Aral. Lilikuwa la 4 kwa ukubwa katika dunia nzima. Lilikuwa na wavuvi, na mashua, na kiwanda cha samaki katika mji wa bandari unaitwa Moynaq. Tangu miaka ya 1960 serkali ya Wasovieti ilikamata maji ya mito miwili iliyolisha lile ziwa, Amu Darya na Syr Darya, ikayapeleka katika mashamba. Shamba kubwa kupita yote lilikuwa la pamba. Ziwa likakauka. Leo pale Moynaq mashua za chuma ziko juu ya mchanga, na maji yako mbali kupita kilometa 100. Upepo unapeperusha chumvi na dawa za mashamba, watu wanavuta, wanaugua.

Sisi hapa ziwa letu limepanda, limeingia katika nyumba za watu, munajua wenyewe. Lao lilikimbia. Lakini fikiri tu: unaamka asubui, unashuka na wavu wako kutafuta ndagala na mikebuka, na ziwa haliko. Hakuna triko yoyote iliyoandikwa juu yake: «bei ya ziwa haiko ndani».

Sasa, makamarade, sitaki muende nyumbani na huzuni tu. Huzuni haijengi kitu. Kuna sehemu ingine ya hii habari, na ni ile inatuhusu sisi kama harakati ya raia.

Baada ya Rana Plaza, watu hawakunyamaza. Washonaji wa Bangladesh waliandamana. Vyama vya wafanyakazi na wanunuzi wa Ulaya walisimama mbele ya maduka na picha za wale waliokufa. Katika mwezi uliofuata, mwezi wa 5 wa 2013, mkataba ukatiwa mukono kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo, juu ya usalama wa majengo na moto. Zaidi ya kampuni 200 ziliingia. Haikuwa ahadi ya mdomo: kampuni ikivunja, inaweza kupelekwa mbele ya sheria. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa: milango ya moto, nyaya za umeme, nguzo. Mfuko wa dola milioni 30 wa kusaidia walioumia na familia za waliokufa ulichukua miaka miwili kujaa, na ulijaa juu watu walikataa kuacha kusukuma. Mshahara wa chini ulipanda mpaka taka 5,300 mwisho wa mwaka uleule, na mwisho wa 2023 ulifika taka 12,500. Haitoshi bado, washonaji wenyewe wanasema haitoshi. Lakini hakuna tajiri aliyeamka asubui moja akasema: leo nina huruma.

Na kule Uzbekistan, kwa miaka mingi serkali ilikuwa inatoa watoto masomoni, wanafunzi, walimu, hata wauguzi, inawapeleka kwa nguvu kuvuna pamba. Munasikia? Ni ileile habari ya babu zetu, karne ingine. Watetezi wa haki wa kule walipiga picha, walikamatwa, wakaendelea. Wenzao wa inje wakaita kampuni za nguo zikatae ile pamba, na zaidi ya 300 zikaahidi kuikataa. Mwaka 2022 kile kizuizi kiliondolewa, kwa sababu watetezi wa haki walikuwa wamehakikisha kama katika mavuno ya 2021 ule mpango wa serkali wa kulazimisha watu umekwisha. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Lakini ilikwisha.

Basi raia wanaweza. Swali la dada yetu wa nyuma si swali la kuchekesha. Ni lile lile swali lilianza mambo yote haya: yule aliyeshona amekula nini?

Najua kuna mtu hapa anataka kusema: basi tufunge mlango, tukataze balo za friperi, viwanda vyetu vifufuke. Tuende polepole. Zile balo zinatoka Dar es Salaam na treni mpaka Kigoma, zinavuka ziwa, zinashuka hapa. Zinalisha wapakuzi wa bandari. Zinalisha mama anayenunua balo imefungwa, bila kujua ndani kuna nini, anafungua huku anaomba Mungu. Akikuta suruali nzuri anapumua. Akikuta matambara, deni limebaki kwake. Mama yule hakuua Filtisaf. Yeye ni wa mwisho katika mnyororo kama mshonaji wa Savar.

Na inchi zilizojaribu ziliona ugumu. Mwaka 2016 Afrika ya Mashariki ilipanga kuacha nguo za mitumba polepole mpaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kila kilo. Wauzaji wa Amerika walilalamika, na mwaka 2018 Amerika ikaiondolea Rwanda faida ya kuuza nguo kule bila ushuru. Kwenye mipaka ya Goma na Bukavu balo zikaanza kupita kwa magendo, watu wakivuka wamevaa nguo juu ya nguo. Kukataza peke yake hakushoni shati. Kunatakiwa umeme usiokatika, reli, mkulima wa pamba anayelipwa bila fimbo, na mfanyakazi wa kiwanda mwenye mkataba na chama chake. Hiyo ndiyo ya kuuliza Leta. Tena sisi sasa, tangu 2022, tuko ndani ya ile jumuia ya Afrika ya Mashariki. Mazungumzo yale yanatuhusu, na hakuna mtu ametuuliza maoni. Tujiulize wenyewe na tuyapeleke.

Neno la haraka juu ya triko za bure. Katika kampeni ya 2023 muliona zikitupwa toka juu ya magari, na vijana wakipigana. Fikirini mule ndani kuna nini. Mtu wa mbali alilipwa njaa ili aishone, alafu ikaletwa hapa ili inunue sauti yako. Imeibia watu wawili kwa siku moja. Na ukiifua mara tatu ile sura inafutika, lakini miaka mitano inabaki palepale.

Sasa niwaambie habari yenye aibu. Nilisema nilitafuta. Nilienda pia kwa mama fundi, nikakaa kwake toka asubui mpaka magaribi. Nilimuomba anifungulie zile dola 6. Akafungua bila kuficha. Kitambaa, dola 3. Uzi na vifungo, nusu dola. Makaa ya pasi na kodi ya mahali, nusu dola. Kijana anayejifunza kwake, nusu dola. Yeye anabaki na dola moja na nusu. Siku yenye kazi anamaliza shati nne. Umeme ukikatika anakanyaga mashini kwa miguu. Katika ile dola moja na nusu mnatoka chakula, na minerval ya watoto wawili wa sekondari.

Nikapiga hesabu mbele yake: katika dola 6, mshonaji anapata robo nzima. Katika ile triko ya euro 29, hata moja juu ya mia. Nikamwambia: mama, wewe ni mfano. Akaniangalia tu. Alafu akafungua kaye yake ya madeni, akageuza kurasa, akaweka kidole. Jina letu liko mule, makamarade. Mwaka jana alitushonea bendera na vitambaa vya mkono kwa siku ya salongo. Tulilipa nusu. Tulisema juma lijalo. Dola 45 bado.

Akaniambia: «Mwanangu, ninawasikia mu redio. Munasema ukweli sana. Mimi ninawangojea hapa ku kaye.»

Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe ndiye nilibeba zile bendera siku ile. Nilipiga nazo picha.

Ni rahisi kulia juu ya Savar, juu Savar iko mbali na hakuna mtu wa kule atakuja kutudai. Lakini yule mwenye kiwanda aliyechelewesha mshahara na sisi tuliochelewesha dola 45, tofauti yetu ni ukubwa tu. Si ugonjwa mwingine. Sisi pia tulipata bei nzuri juu kuna mtu alilipa yenye kubakia, na alilipa na minerval ya mtoto wake. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni mazungumzo mazuri.

Kwa hiyo pendekezo langu liko hivi, na ninaomba liandikwe katika ripoti.

Kwanza, deni. Katika zile dola 180, dola 45 zitoke leo, mbele ya macho ya wote, na watu wawili wazipeleke. Zinabaki 135.

Pili, tusinunue triko 60 za dola mbili na nusu. Tumuagize mama shati 22. Ni dola 132. Tunabaki na dola 3, na kichwa kilichonyooka. Mtu atasema: tuko 60, shati 22 zinatosha nani? Zitakuwa za harakati, si za mtu. Anayeenda kusimama mbele ya watu anavaa, akirudi anafua, anapiga pasi, anarudisha. Wengine tutavaa nguo zetu na kitambaa cha mkono, kile kilekile cha mwaka jana, ambacho kwa mara ya kwanza kitakuwa chetu kabisa.

Tatu, kila kazi tunayompa mtu, fundi, mpiga picha, mwenye kukodisha viti, tuandike karatasi: bei, siku ya kumaliza, nusu mbele, nusu siku ya kupokea. Hakuna tena «mama tutapita». Kama feza haiko, kazi haiagizwi.

Sitawadanganya. Hata ile shati ya mama haiko safi kabisa. Kitambaa chake kinatoka mbali, kinapita Kigoma kama vingine, na sijui ni mikono gani ilikifuma. Nilimuuliza, naye hajui. Tunajua tu nusu moja ya shati, ile ya mshono. Nusu ingine bado ni giza, na itabaki giza mpaka siku kitambaa kitatoka tena katika kiwanda ambacho tunaweza kwenda na miguu kuuliza. Lakini mtu hakatai kulipa deni analolijua eti kwa sababu kuna lingine halijui.

Na kila mmoja wenu, kesho sokoni, afanye kitu kimoja kidogo. Mbele ya kubembeleza bei mpaka chini, ajiulize: nikishusha hii franka, inatoka kwa nani? Ikitoka kwa tajiri, bembeleza mpaka jua lishuke. Ikitoka kwa yule mama aliyefungua balo na kukuta matambara, acha. Vaa nguo yako muda mrefu. Ikipasuka, ipeleke kwa fundi, umlipe. Nguo iliyoshonwa mara mbili si aibu.

Nimemaliza. Dada wa nyuma, swali lako limerudi kwako na jibu la nusu, utanisamehe. Sasa twende katika kura, na tuanze na ya kwanza, ile ya deni. Mwenye kukubali dola 45 zitoke leo, ainue mkono. Na mwenye kuinua, ajue kama kesho asubui nitaomba watu wawili wa kwenda na mimi kwa mama, mbele hajafungua mashini.